Kaa

Kwetu neno ni moja.
Kaa: tulia hapo ulipo.
Kaa: yule wa matopeni, mwenye magando.
Kaa la moto, lile la jikoni,
na wingi wake, makaa, ndio uliomaliza mikandaa
ng'ambo ile ya Mto Tegeta
kabla hatujajifunza kuhesabu mashimo.

Mimi ni Siwatu binti Pazi, wa Mtongani.
Nashika kaa.
Maji ya bamvua yakikupwa naingia
na ndoo ya rangi ya lita ishirini,
chuma alichonipindia fundi baiskeli,
na mfuniko uliotobolewa tundu katikati.
Anayepita tunduni hajakua;
namwambia nenda kanenepe, tutaonana.
Anayekwama, huyo ni ada, ni unga, ni gesi.

Na jike mwenye mayai anarudi majini.
Ndiyo sheria yetu, wanawake kumi na tisa,
tuliiandika kwenye daftari la kikoba
chini ya faini za wachelewaji.
Chausiku, asiyejua kuandika,
alitia dole gumba kwa tope. Wino ulikuwepo.
Alisema tope ndilo linalomjua.

Bwana Lyimo huja Jumanne na Ijumaa:
pikapu, sanduku la barafu, mzani wa kuning'iniza.
Hajui koko. Anajua kilo.
Kaa wangu huenda kulala Masaki
juu ya sahani pana, na kando yao nyundo ndogo,
wakavunjwe upya na watu wasiojua
kwamba kabla ya kufika kaakaani
kaa huwa na kwao.

Sasa niseme.
Januari ya mwaka juzi nilimkuta mmoja mdomoni mwa mto,
anashuka kwenda kuzaa maji makubwa.
Tumbo limefura, mayai rangi ya chungwa bivu.
Kilo na robo.
Na nyumbani, mchango wa madawati,
na viatu vya Mwanaidi vinacheka mbele ya walimu.

Nilimfunga kwa ukindu.
Nilimsugua mayai kwa mswaki,
mswaki wetu wenyewe, wa nyumbani,
hadi akabaki jike wa kawaida,
na yale mengine yakaenda na maji ya vyombo.
Lyimo akapima. Akalipa.
Viatu vilikuwa vizuri, sikatai.
Alivivaa hadi vikambana.

Hakuna aliyeniona.
Ila kila nilipopiga mswaki
niliuhisi ule mchanga mchanga wa mayai,
ingawa mswaki ule niliutupa siku ileile.

Siku ya kikoba nikasimama nikayasema yote,
mswaki nao nikautaja.
Kimya.
Mwenyekiti, Mama Sikudhani, akaniangalia, akasema:
"Siwatu, kaa."
Nikabaki nimesimama kama mjinga,
sijui ananipa kiti,
ananitajia kosa,
au ananitia moto kiganjani.

Ndipo akasimama Mosi. Naye.
Akasimama Zuhura, analia na anacheka.
Akasimama Chausiku wa dole la tope.
Faini ikawa elfu tano kila mtu
na miche arobaini ya mikandaa.
Kumi na tisa ilikufa. Sita mbuzi wa jirani aliila.
Iliyobaki imenifika kiunoni.

Kwa kamba ileile, kutoka mchu mkubwa hadi ukingoni,
mwaka ule tulihesabu mashimo kumi na moja.
Juzi tumehesabu thelathini na manne.
Lyimo hajaongeza hata mia.
Anasema wateja hawauliziagi mambo hayo.
Tumemwambia apunguze safari, tuna mnunuzi mwingine.
Hatuna. Bado.

Leo alfajiri nimemshika jike mwingine, mzito,
mayai tele, mdomoni mwa mto uleule.
Nilipomlegezea kamba alinibana dole gumba,
damu ikatoka, nikatukana kwa sauti.
Kisha akaachia.
Akaondoka upande upande, bila haraka,
kama mtu aliyekuja kudai chake
akapewa nusu.